Mkuu rudisha hicho kijiko cha kuchimbia, USIGUSE mlakasa, yale majani yanayotambaa juu ya tuta la mchanga!

Nimesoma posti yako mara mbili tumbo likaniuma. Eti unaleta kijiko usawazishe tuta la mchanga mbele ya kiwanja chako Kigamboni, ukikaa barazani uone bahari, halafu upandishe ukuta. Usithubutu.

Mimi nilifanya hivyo hivyo, hukuhuku Kigamboni. Fundi wangu, mtu mzima na penseli sikioni, nikajua huyu kasoma, akasema mlakasa ni majani tu yanaficha nyoka, ng'oa. Vijana wanne tukawapa siku moja wakamaliza na soda nikawanunulia, yani nalipa watu waniharibie! Upepo wa kusi ulipoanza mchanga ukahamia sebuleni, wife anafagia ndoo asubuhi, jioni ndoo nyingine. Kumbe yale majani ya maua ya zambarau ndo yanaudaka mchanga wa upepo, yakifukiwa yanatambaa tena juu, tuta linakua. Na tuta lenyewe ndo stoo, bahari ikichafuka inachota pale, ikitulia inarudisha kidogo kidogo. Mimi stoo nilishaisomba na lori.

Fundi akaja na dawa yake, ukuta wa tofali, wima, plasta utadhani ikulu. Wimbi likigonga linarudi na hasira zake linakomba mchanga chini ya msingi, na kwenye ncha linazunguka linakula kwa jirani (hatusalimiani mpaka leo). Bamvua la mwezi wa tatu, maji yalipojaa kupita kiasi, ukuta ukalala kifudifudi kama mlevi. Fundi hapatikani, nadhani kahamia Dodoma, bahari haimfikii.

Mnaosema mimi nilijenga vibaya tu, kaulizeni wazee wa Kunduchi bahari ilivyoila hoteli ya Africana pale ufukweni.

Kwa hiyo mlakasa uache ulivyo. Kama ushang'oa, kata vipande vya shina fukia masika yakianza, vinashika vyenyewe. Kushuka ufukweni weka njia moja ya mbao inayopita juu ya tuta, watu wasikanyage kila mahali. Nyumba rudisha nyuma, sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 toka baharini, fundi wangu hiyo sheria alikuwa haijui, au aliijua akanyamaza, mshenzi yule.

Kama kijiko ushalipia advansi kadai leo leo. Picha ya ukuta ninayo ila wife kanikataza kuituma.