Kabla Hujafunga Mikanda ya Mbio, Inua Zulia la Gari

Juzi usiku, nimetoka kuswali Isha, nikakuta picha kwenye simu. Kaituma kijana wa Muheza, msomaji wangu wa siku nyingi. Chini yake kaandika: "Shikamoo kaka. Hatimaye nimefunga ya pointi nne. Fundi kamaliza kwa saa moja tu. Imekaaje?"

Ni kiti cha kiwandani cha Corolla, na hiyo pointi nne ni mikanda ya mbio inayoshikwa mahali pane: miwili ya mabega, miwili ya kiuno. Mikanda miwili myekundu inapita juu ya mabega ya kiti, halafu inashuka nyuma moja kwa moja mpaka sakafuni, na huko kila mmoja umekazwa kwa bolti moja. Niliitazama muda mrefu. Mke wangu akaniuliza kuna nini, maana aliniona nimeshika mgongo bila mwenyewe kujua.

Mdogo wangu, mwaka 2016 nilifunga hivyo hivyo. Rangi hiyo hiyo.

Wengi mnaonisoma tunaota ndoto moja: kufika siku moja kwenye mstari wa kuanzia, namba imebandikwa mlangoni, msoma ramani yuko pembeni, injini inanguruma. Mimi ndoto hii nimeipata utotoni, tukisimama kwenye tuta la shamba la mkonge upande wa Pongwe, hapa Tanga, kungoja magari ya rali. Unaanza kusikia sauti, halafu linakuja vumbi jekundu, halafu gari limeshapita na wewe mdomo umejaa mchanga. Nilijiapia kwamba nami nitapita pale. Nikanunua Impreza iliyochoka, nikaanza kuijenga kidogo kidogo kwa pesa za dukani. Vitu vya kuonekana ndivyo nilivyotanguliza: rimu, taa, kiti cha mbio upande wa dereva, na mikanda. Keji, yaani fremu ya mabomba ya chuma inayozuia paa lisibonyee gari likipinduka, niliiacha, nikasema nitaiweka pesa ikipatikana.

Mikanda niliifungisha kwenye gereji moja hapa hapa mjini. Fundi alitoboa sakafu nyuma ya viti, akapitisha bolti, akaweka washa, kile kipete chembamba cha chuma, chini, akakaza. Nikamuuliza kama itashika. Akajibu, "Hii huing'oi hata kwa trekta." Maneno hayo bado yananiuma mpaka leo, kwa sababu niliyaamini, na kwa sababu kuna mtu mwingine aliyaamini kupitia kwangu.

Mtu huyo ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Ndiye alikuwa msoma ramani wangu. Jumamosi moja tulikuwa tunafanya mazoezi kwenye barabara ya shamba, kwa ruhusa ya msimamizi. Usiku wake mvua ilinyesha. Kwenye kona ya kulia, nyuma ya gari ikaniponyoka, pua ikaingia mtaroni, tukasimama papo hapo. Hatukuwa tunakimbia sana, kama kilomita 50 kwa saa.

Piga hesabu hapo. Gari la kilomita 50 kwa saa likisimama ndani ya nusu mita, mwili unasukumwa kwa nguvu inayokaribia mara ishirini ya uzito wake. Mtu wa kilo 80 anaivuta mikanda kwa zaidi ya tani moja na nusu. Sasa fikiria tani moja na nusu inavuta washa ndogo kama sarafu, iliyokalia bati ambalo halifiki hata milimita moja na nusu.

Bolti ya upande wa shemeji ilichomoka pamoja na washa yake. Baadaye niliingia chini ya gari nikaliona tundu: kingo zake zimekunjukia juu kama kopo la maziwa lililofunguliwa kwa kisu, na bati lote kulizunguka lina rangi ya kahawia na linamomonyoka kwa ukucha. Kutu. Gari lilikuwa linalala nje karibu na bahari, Raskazone, upepo wa chumvi mwaka mzima, na zulia lilikuwa limefyonza maji bila mimi kujua. Shemeji alipiga bega na kidevu kwenye dashibodi. Mfupa wa mtulinga ulivunjika.

Bolti zangu mimi zilishika, nami ndiye niliyeumia zaidi. Hili watu wengi hawalielewi, kwa hiyo nitalieleza taratibu. Mkanda wa bega ukitoka begani ukashuka nyuma mpaka sakafuni, siku ya ajali haukuvuti nyuma tu, unakugandamiza na chini pia. Mwili unataka kwenda mbele, mkanda unajikaza, na uti wa mgongo unabanwa kama springi kati ya mabega na kiti. Pingili yangu moja ilibonyea. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, Kiambatisho J, kifungu cha 253, zinasema mkanda wa bega uelekee nyuma na usishuke zaidi ya nyuzi 45 kutoka usawa wa juu ya mgongo wa kiti, na zinapendekeza usizidi nyuzi 10. Wa kwangu ulikuwa unakaribia wima. Isitoshe, mikanda ya bega ilipovutwa, ilivuta juu na mkanda wa kiunoni, kwa sababu vyote vinakutana kwenye kufuli moja tumboni. Mkanda wa kiuno kazi yake ni kushika mfupa wa nyonga. Ukipanda juu ya mfupa unakata tumbo, na mwili unateleza chini yake. Ndiyo maana mikanda ya mbio ya kweli ina pointi tano au sita: ule wa katikati ya mapaja upo ili kuishikilia kufuli isipande.

Sitawachosha na habari za miezi niliyolala kwenye godoro gumu. Nitasema mawili tu. Nilipopata nguvu nilirudi kwa yule fundi, akaniambia gari langu lilikuwa bovu tangu mwanzo na kwamba nilikimbia kupita kiasi. Hakuniambia pole. Na shemeji, ambaye bega lilipona vizuri, hajakaa tena kwenye kiti kile. Tunakula pamoja sikukuu, tunacheka, lakini nikizungumzia mbio anainuka kwenda kuosha mikono. Simlaumu.

Gari nililianza upya. Safari hii nilianzia chini. Tulivua zulia lote, tukasugua kutu mpaka chuma cheupe, palipooza tukakata na kuchomea bati jipya. Keji ikaingia, na kwenye keji likachomewa bomba la kukatisha nyuma ya viti, usawa wa mabega. Mikanda ya mabega inazungushwa kwenye bomba hilo na kurudi kwenye kibano chake, ikiwa imepitishwa mara mbili, na mkia unaobaki si chini ya sentimita kumi. Ya kiuno na ya mapajani inapita sakafuni, na chini ya kila bolti kuna bamba la chuma la milimita 3 lenye eneo la sentimita mraba 40, yaani kama kipande cha sentimita 8 kwa 5. FIA inataka kila ncha ya mkanda wa bega na wa kiuno ihimili nguvu ya daN (dekanyutoni) 1470, ambayo ni kama kuvutwa na uzito wa tani moja na nusu, na ya mapajani daN 720. Washa haifanyi kazi hiyo. Nitarudia: washa haifanyi kazi hiyo.

Na bolti si ya kuokota yoyote kwenye kopo la fundi. Iwe M12, yaani ya milimita 12, ya daraja la uimara 8.8, au ile ya inchi 7/16 ya uzi mwembamba, UNF. Magari mengi yetu ya Japani matundu ya mikanda ya kiwandani ni ya 7/16, ambayo ni milimita 11 na kitu. Nimemwona fundi akilazimisha M12 humo kwa spana ndefu mpaka uzi ukaliwa, halafu akasema imekaza vizuri. Imekaza kwa sababu imeharibika. Zungusha kwanza kwa vidole, ikikataa simama.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye mashindano madogo. Kabla ya kuanza, mkaguzi alilala chini ya gari, akapapasa bamba moja moja kwa mkono, akasoma mwaka kwenye lebo ya kila mkanda, akainuka akasema neno moja: "Safi." Nilimaliza wa nne kwenye daraja langu. Kombe sikupata, lakini lile neno nimelibeba mpaka nyumbani na nimemsimulia kila mtu.

Lebo yenyewe muitazame. Mikanda ya FIA imeandikwa mwaka wa kuisha muda, ya SFI, taasisi ya Marekani ya viwango vya vifaa vya mbio, imeandikwa tarehe ya kutengenezwa na huhesabiwa miaka miwili. Huku kwetu jua linazila nyuzi, gari likishinda nje kuanzia asubuhi mkanda unapauka na kuwa mgumu kama kamba ya katani kavu. Na mikanda iliyokwisha kupata ajali haitumiki tena hata kama inang'aa. Mliokwenda kuinunua kwenye magari yaliyokatwakatwa, mnajua ninaowasema.

Sasa ndugu zangu, nizungumze na wale ambao gari lao ni la kwendea kazini. Najua mnataka mwonekano. Nawaomba msiuondoe mkanda wa kiwandani. Ule wa pointi tatu, aliyeubuni ni Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na eabegi za gari lako, ile mifuko ya hewa inayofumuka wakati wa ajali, zimepimwa kwa mtu aliyefunga ule, si huu mwingine. Gari likipinduka na paa likashuka, mtu wa mkanda wa kawaida anaweza kuinama pembeni. Ukiwa umefungwa mabega yote mawili bila keji, umesimama wima unalisubiri paa. Ukiweka keji nayo halafu ukaendesha mjini bila helmeti, bomba la chuma liko karibu na kichwa chako kila siku. Ukifika makutano pale Chumbageni, huwezi hata kujisogeza mbele kutazama bodaboda anayekuja kushoto. Mambo haya yanakwenda kwa pamoja: kiti cha mbio chenye matundu ya mikanda, keji, mikanda ya pointi sita, helmeti. Ukichukua kimoja ukaacha vingine, umejiongezea hatari uliyodhani umeipunguza.

Ipo mikanda ya pointi nne iliyotengenezwa kwa magari ya barabarani. Kampuni ya Schroth ya Ujerumani inayo ambayo mkanda mmoja wa bega umeshonwa kwa namna ya kuachia kidogo wakati wa ajali, ili mwili ugeuke na usiteleze chini. Hiyo inafungwa kwenye matundu ya kiwandani kwa mwongozo wake, kwa gari lililotajwa kwenye mwongozo. Haifanani na ile ya sokoni yenye rangi hiyo hiyo. Na hata hiyo, funga kiuno kwanza, chini kabisa kwenye nyonga, kaza, ndipo ukaze mabega. Kila siku namwona mtu anaanza na mabega.

Tuache kununua rangi, jamani. Tuanze na chuma. Kijana anayetoa pesa ya rimu akakosa pesa ya bamba la chuma amepanga vibaya, na nasema hivi nikiwa nimepanga vibaya kuliko ninyi nyote. Mtu anayekaa kiti cha pembeni amekuamini. Ana mama yake, ana dada yake, na dada huyo anaweza kuwa mke wako.

Kijana wa Muheza nilimjibu usiku ule ule. Nilimwambia asiendeshe, ainue zulia nyuma ya kiti, anitumie picha. Asubuhi ikaja: bati limevimba, kahawia, na kando ya bolti kuna ufa mwembamba kama unywele. "Kaka, nimeinua," kaandika, basi. Nikamwambia Jumamosi alete gari hapa kwangu kwa kubebwa, grainda ninayo na bati ninalo. Halafu nikamuuliza mkanda wa kiwandani uko wapi. Akasema fundi alibaki nao. Nikamwambia aufuate leo hii, pamoja na bolti zake, kabla haujauzwa.