Mabaki ya puja si lazima yaende baharini

SWALI: Jai Shri Krishna, Maharaj. Tulifanya puja ya Satyanarayan Katha, ibada ya Kihindu ya kusoma visa vya Mungu Vishnu, nyumbani kwetu Upanga, ghorofani. Yamebaki maua, tambuu na popoo, mchele uliokuwa chini ya kalasha (chombo cha maji cha ibada), maji yake, nazi na migomba minne. Mama mkwe anasema vyote lazima vitupwe kwenye maji yanayotiririka, basi nimevifunga kwenye mfuko nikisubiri mtu wa kwenda baharini. Nazi imeanza kunuka. Bwana mmoja wa kwenye grupu la WhatsApp anasema hiyo ni nuksi, na anataka alipwe aje kuiondoa. Nifanyeje?

JIBU: Jai Shri Krishna, dada. Fungua huo mfuko leo hii, na huyo bwana usimpe hata shilingi.

Mwisho wa katha, aliyewaongozea ibada alirusha mchele uliopakwa kumkum, ule unga mwekundu wa ibada, akasema “gaccha gaccha surashreshtha”, yaani alimwomba Mungu arejee makao yake, kisha akaisogeza kalasha kidogo kutoka mahali pake. Hapo ndipo visarjan, yaani kumuaga Mungu, ilipofanyika. Mungu aliyealikwa ameshaagwa kwa heshima, wala hasubiri gari la kumpeleka baharini. Maua yaliyobaki tunayaita nirmalya. Hayakanyagwi, hayatolewi sadaka mara ya pili, hayachanganywi na uchafu wa jikoni. Heshima inayodaiwa ni hiyo.

Mama mkwe usimbishie kwa ukali, maana anasema alichorithi. Wazee waliokaa kando ya Ganga au Narmada walitia mtoni maua machache ndani ya kibakuli cha majani, na taa ya udongo. Vyote vilioza. Sisi tunapeleka mashada yaliyotungwa kwa uzi wa nailoni, vitambaa vya kung’aa na picha zenye fremu ya kioo, tena vikiwa ndani ya mfuko wa rambo, ambao nchini kwetu umepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Na bahari yetu si mto. Inajaa na kupwa mara 2 kwa siku, kwa hiyo unachokitupa asubuhi hurudishwa mchangani. Pita Coco Beach maji yakipwa siku chache baada ya sikukuu ya Diwali uone: shada la maua ya njano limejiviringisha kwenye mwani, Lakshmi, mungu wetu wa kike wa neema, amelala kifudifudi, watu wanamruka na mbwa wananusa. Tunakimbia dhambi ya kukanyaga sadaka, halafu tunazipeleka mahali zitakapokanyagwa na umma mzima!

India kwenyewe wameshaligeukia jambo hili. Bodi kuu ya kudhibiti uchafuzi ilitoa mwongozo mwaka 2010 na kuupitia upya mwaka 2020: maua, nguo na mapambo yavuliwe kwenye sanamu kabla ya kuzamishwa. Pune huwekwa vyombo maalumu vya kukusanyia nirmalya kando ya mto. Kanpur maua ya mahekaluni yanatengenezewa ubani.

Kwako ni kazi ya saa moja. Kata nyuzi, chambua maua, yaanike kwenye gazeti, yakikauka yasage kwa mkono uyachanganye na udongo wa chungu cha maua. Tambuu nazo zichanechane humo humo. Maji ya kalasha nyunyizia vyumbani, yanayobaki mwagia tulsi au mmea wowote. Mchele pika, au wape ndege. Popoo na sarafu weka kabatini penye akiba ya nyumba. Migomba mpe mwenye ng’ombe, wanaila vizuri. Plastiki na vioo vifunge kwenye karatasi safi uvitie kwenye pipa la taka. Si dhambi.

Sasa hiyo nazi. Ilikaa juu ya chombo cha maji, kwenye joto la Dar es Salaam, kisha ukaifungia kwenye mfuko usiopitisha hewa. Unyevu umeingilia kwenye macho yake, imeoza. Ifukie udongoni. Safari ijayo ivunje siku ile ile, muile kama prasad, yaani chakula kilichobarikiwa.

Hawa wanaojiita mabingwa wa kuondoa nuksi wananiudhi kuliko mtu anayetupa maua baharini, kwa sababu yule angalau ana nia njema. Utambi ukizimika kwa upepo wa feni, ni nuksi. Sisimizi wakipanda kwenye prasad yenye sukari, kuna jirani mbaya. Picha ikianguka kwa msumari mbovu, lete pesa. Wanawawinda hasa wanawake wanaoshinda nyumbani peke yao na wenye wagonjwa, na wakishalipwa mara moja hawakosi nuksi nyingine. Ukiwa na shaka juu ya ibada, muulize yule aliyeiongoza. Anajua alichosoma na alichokisogeza, na swali la namna hiyo halilipiwi.