Nikikanyaga breki indiketa nayo inawaka, shida ni nini?

SWALI: Habari za kazi fundi. Niko Uyole, Mbeya, natumia Toyota Noah. Usiku nikiwa nimewasha taa, nikikanyaga breki taa ya nyuma kulia inafifia badala ya kuongeza mwanga, halafu indiketa ya upande huohuo inawaka kwa mbali. Globu nimeshabadilishiwa, sasa naambiwa ninunue flasha. Ninunue?

JIBU: Salama kaka. Flasha acha kwanza, kazi yake ni kupepesa indiketa tu, haiwezi kufifisha breki. Hizo dalili ni za erthi, yaani waya wa hasi wa taa ya kulia haujashika vizuri kwenye bodi. Iko hivi, taa za parking (zile ndogo zinazowaka usiku), breki na indiketa za upande mmoja zinarudisha umeme kwa waya mmoja, kwenye Toyota mara nyingi ni ule mweupe wenye mstari mweusi, sasa ukikatika au bolti yake ikiliwa na kutu umeme wa breki unakosa pa kurudia, unapenya kwenye globu za jirani, ndo maana indiketa inawaka na wewe hujaigusa.

Kupima ni rahisi. Tafuta kipande cha waya, menya ncha zote mbili, moja ishikishe kwenye huo waya wa hasi nyuma ya soketi, nyingine kwenye chuma cha bodi ulichokwangua rangi, halafu mtu akanyage breki. Taa ikikaa sawa basi erthi ndo mbovu. Ila angalia sana usishike wa chanya, utaunguza fyuzi, na ikiungua rudisha ya ampea zilezile, usikubali kuwekewa kubwa maana kitakachoungua safari nyingine ni waya.

Ukishajua, fungua bolti ya erthi, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Hii mvua yetu ya Novemba mpaka Aprili na matope yake inakula sana hizo bolti. Na usiendelee kuendesha hivyo kaka, ukishika njia ya Tukuyu ukakutana na ukungu wa Isyonje, wa nyuma yako anachokiona ni hiyo breki tu.

Kama haikubadilika, chomoa globu uliyowekewa uitazame. Ya parking na breki iwe ya wati 21/5, nyuzi mbili ndani, wengine wanalazimisha ya uzi mmoja inaunganisha parking na breki, hapo hata erthi ikiwa nzima taa zitachanganyikiwa tu.