Wimbo wa baba umeniliza kwenye gari

SWALI: Anti habari za kazi. Mi nina miaka 38, nina mtoto mmoja wa miaka minne. Marehemu baba alikuwa na redio kaseti, siku akipumzika anakaa nayo mchana kutwa, tepu ikitoka nje tunairudisha kwa kuzungusha na kalamu na mimi ndo nilikuwa mshika kalamu. Sasa juzi niko kwenye gari ukapigwa wimbo mmoja wa enzi zake, sio hata wa rika langu, nikalia mbele za watu mpaka aibu. Mume wangu anasema najidekeza, yeye muziki wote kwake ni kelele. Hivi niko sawa kweli? Na huyu mtoto nimpeleke akajifunze kinanda au nishachelewa, maana naambiwa wakifika umri fulani sikio linafunga.

JIBU: Mdogo wangu, pole kwa baba, na uko sawa kabisa.

Hilo la kulizwa na wimbo ambao sio wa rika lako lishachunguzwa. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walitoa matokeo yao, walichukua vijana wa miaka kama 20 wakawapigia vibao vilivyotamba kuanzia 1955 mpaka 2009, wakategemea kila mtu atapenda vya wakati wake tu, kumbe vijana wakaonekana wanazipenda na wana kumbukumbu nazo hata nyimbo za mwanzoni mwa miaka ya 80, yaani wao hawajazaliwa, ila wazazi wao ndo walikuwa vijana wakati huo. Maana yake mzazi akiweka nyimbo zake za ujana nyumbani mtoto anazibeba kama alivyobeba pua yake. Wewe hukulilia ule wimbo bana, ulimlilia mwenye redio, na ile kalamu mkononi.

Na ndo maana hata hilo la kinanda nitakujibu kwa kuzunguka kidogo. Ray Charles unamjua, yule mwanamuziki kipofu wa Marekani, alipokuwa na miaka kama mitatu kulikuwa na mzee jirani ana piano, na kila mzee akianza kupiga huyu mtoto anakimbilia pale, sasa wewe fikiria watu wazima wangapi wangemfukuza, yule mzee akawa anamkalisha naye kwenye kiti anamuonyesha apige kwa kidole kimoja. Alipofika miaka 7 alikuwa haoni tena lakini piano ilishaingia. Mwenyewe alimkumbuka yule jirani mpaka uzeeni. Hakuna ada wala mtihani hapo, ni mtu mzima tu aliyekubali kusumbuliwa.

Sikio kufunga, waliokuambia wamechanganya mambo. Kuna kipaji cha kusikia noti moja tu ikilia ukaitaja jina papo hapo bila kulinganisha na nyingine, na wengi wenye nacho walianza kujifunza muziki kabla ya miaka 6 au 7 hivi, ni kweli. Ila wanamuziki wazuri tele hawana hicho kitu na wanapiga vizuri tu! Kwa hiyo miaka minne hujachelewa popote, akitaka kinanda mpe, asipotaka usimburuze, mi nawajua watu wazima wakiona kinanda mpaka leo wanakumbuka viboko vya vidole. Kwa sasa mwimbie. Hata kama sauti yako ni ya chura, yeye sauti yako anaijua tangu yuko tumboni, hana mwimbaji mwingine wa kukulinganisha naye. Na siku ukiweka zile nyimbo za babu yake usimfiche machozi, mwambie huyu babu alikuwa anapenda hapa, hapa kwenye gitaa.

Mumeo muache. Kuna watu masikio yao ni mazima, wimbo wa huzuni wanajua ni wa huzuni, na raha za mambo mengine wanazipata kama kawaida, ila muziki hauwagusi, mwaka 2014 wataalamu waliwapima wakathibitisha sio maringo. Huenda ndo yeye. Ila neno la kujidekeza alifute.

SWALI: Anti, kwetu muziki ulikatazwa kabisa, nilikuwa nausikia dirishani tu unatoka kwa jirani, usiku, kwa mbali. Leo nina miaka 50 na siwezi kulala bila redio. Mke analalamika. Ni ugonjwa?

JIBU: Sio ugonjwa kaka yangu, wewe ulilelewa na dirisha la jirani, ulikuwa unalala nalo. Punguza sauti iwe ya kwa mbali vilevile, redio itoe chumbani iweke sebuleni uache mlango wazi kidogo, mama naye alale.