Mwanangu ameombwa abebe kihekalu cha kijiji huko Japani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Ujiji. Wa pili kati yao ni msaidizi wa mwalimu wa Kiingereza katika shule za mji mmoja mdogo, mkoa wa Akita, Japani. Siku za kazi tunaongea vizuri, lakini ikifika Jumamosi hapatikani. Ukimpata anasema yuko kwenye sherehe ya kijiji fulani. Amenitumia picha za watu waliojifunika nyuso kwa vitambaa vyeusi wakicheza usiku. Mdogo wake naye akanionyesha video ya wanaume nusu uchi wanasukumana kwenye baridi, akasema ni huko huko. Sasa majuzi kanipigia kuniambia wazee wa mtaa wake wamemwomba awasaidie kubeba kihekalu cha mungu wao. Sisi ni Waislamu. Nimemwambia asiwajibu mpaka nimwambie. Nimwambie nini? Halafu mbona kila picha ina chupa za pombe mezani?
Mama wa Mwalimu, Ujiji

JIBU: Marahaba, mama. Akita naifahamu. Nilipelekwa huko kwa ule ufadhili wa serikali ya Japani kwa walimu walio kazini, nikitokea sekondari moja hapa Tabora, na Jumamosi zangu ziliishia huko huko zinakoishia za mwanao. Kwa hiyo kwanza nimtetee kidogo. Sherehe nyingi za vijijini zamani zilikuwa na tarehe yake, iangukie siku yoyote. Siku hizi vijiji vingi vimezihamishia mwisho wa wiki, kwa sababu vijana wenye mabega wanafanya kazi mijini na hurudi kwao Jumamosi tu. Mwalimu mgeni asiye na mke wala shamba, Jumamosi atakwenda wapi?

Vitambaa vyeusi visikutishe. Hiyo bila shaka ni ngoma ya Nishimonai, katika mji wa Ugo, huchezwa usiku wa tarehe 16 hadi 18 Agosti. Ni majira ya Obon, siku ambazo Wajapani wanaamini wazee wao waliofariki hurudi kutembelea nyumba zao, kisha husindikizwa. Wachezaji wengine huvaa kofia pana za majani zilizoinama mpaka puani, wengine hicho kitambaa chenye matundu mawili ya macho, kwa hiyo huoni uso wa mtu yeyote. Mioto ya kuni huwashwa barabarani, na watu hucheza kuuzunguka mstari wa mioto hiyo, polepole, mikono ikipinda kama haina mifupa. Mwambie mwanao akipata nafasi atazame nguo zao kwa karibu. Zipo zilizoshonwa kwa vipande vya hariri vya kimono kuukuu, vya bibi, vya mama mkwe, na nguo hiyo mtu huirithi kwa mama yake. Mimi nilisimama kando ya barabara nikawa nazitazama hizo kuliko ngoma yenyewe. Mwaka 2022 UNESCO iliiingiza ngoma hiyo kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika, pamoja na nyingine za jamii yake nchini Japani.

Na ile video ya wanaume nusu uchi, huyo mdogo mtu kakuchanganyia mambo. Sherehe za namna hiyo zipo sehemu mbalimbali za Japani, ila iliyovuma sana mitandaoni karibuni ni ya hekalu la Kokusekiji, mkoa wa Iwate, jirani na Akita. Inasemekana imechezwa zaidi ya miaka 1000. Mwezi Februari 2024 ilifanyika mara ya mwisho. Hakuna aliyeipiga marufuku. Wazee waliokuwa wakiiandaa wamechoka na hakuna wa kuwapokea.

Hapo ndipo ilipo barua yako yote, mama. Wazee wa mtaa hawakumwomba mwanao abebe kihekalu ili wamwingize kwenye dini yao. Wamemwomba kwa sababu ana bega. Akita ndio mkoa wenye uwiano mkubwa wa wazee kuliko mikoa yote ya Japani, karibu watu wanne kwa kila kumi wamevuka miaka 65. Hicho kihekalu hukaa juu ya magogo marefu, na vikubwa hupita nusu tani. Nimeona mtaa ambao siku hizi wanakipakia kwenye gari dogo la kubebea mpunga wanakizungusha hivyo, na wazee wanatembea nyuma yake kimya. Ukikulia kwenye mtaa huo lazima uone haya.

Lakini bega ni bega na dini ni dini, na sitakudanganya kwamba ni mbao tu. Wenyewe wanaamini kwamba siku hiyo mungu wa kijiji ametoka hekaluni, yumo humo ndani, anatembelea watu wake. Kabla ya kuondoka wabebaji husimama wameinamisha vichwa, kuhani anapunga juu yao fimbo yenye vipande vya karatasi nyeupe ili kuwatakasa. Wapo Wajapani wengi watakaomwambia mwanao, "Sisi wenyewe hatuna dini, hii ni mila tu." Wanasema kweli kwa upande wao. Wewe una upande wako.

Mimi si sheikh. Mpelekee sheikh wako hapo Ujiji maelezo hayo niliyoandika, hasa hilo la kuhani, maana ukimuuliza tu "mwanangu anaweza kwenda sherehe za Wajapani?" atakujibu swali ambalo si lako. Ujue pia hata wanazuoni na wakubwa hawaoni jambo moja. Mwaka 2022 Malaysia, waziri anayeshughulikia dini aliwashauri Waislamu wasiende kwenye ngoma ya Obon iliyokuwa ikiandaliwa mjini Shah Alam, jimbo la Selangor. Sultani wa Selangor akasema iendelee, na akaiagiza idara ya dini ya jimbo isiizuie. Sherehe ikafanyika Julai. Na hapo ilikuwa ngoma tu, hakuna kihekalu.

Nililofanya mimi ni hili. Mzee wa kamati alinifuata na joho la mtaa mkononi, lile fupi la pamba lenye maandishi makubwa mgongoni, limekunjwa vizuri. Nikamwambia hapo hapo kwamba kubeba dini yangu hainiruhusu, lakini kazi nyingine yoyote anipe. Hakuuliza dini gani. Akafikiri kidogo, akaniuliza kama naogopa ngazi. Basi Jumamosi asubuhi nikawa juu ya ngazi naning'iniza taa za karatasi kutoka nguzo hadi nguzo, na yeye chini ananielekeza kwa lafudhi ya Akita ambayo hata Wajapani wa Tokyo hawaielewi. Jioni nikakabidhiwa kijiti cha taa nyekundu nisimamishe magari njia panda. Magari yenyewe yalikuwa ya kuhesabu. Joho nililivaa, na mpaka leo sioni kosa lake, ni sare ya mtaa.

Wewe wa Ujiji unajua maulidi yanavyoandaliwa: yupo anayesoma kasida na yupo anayetandika mikeka na kupakua pilau, na hakuna anayesema wa pili hakuhudhuria. Huko ni hivyo hivyo. Kuna mahema ya kusimamisha, barabara za kufagia, watoto wa kuwagawia maji. Mgeni anayekataa kubeba kihekalu hawaumizi hata kidogo, mradi aseme mapema, asisubiri asubuhi ya siku yenyewe wakati wameshampangia nafasi kwenye gogo. Anayewaudhi ni yule anayekuja na simu, anapiga picha, anakula, anaondoka. Kwa hiyo usimwambie mwanao asiende. Mwambie aende Ijumaa jioni, wakati kazi zinapangwa.

Sasa pombe. Ipo, na ni nyingi, maana ile iliyotolewa hekaluni kama sadaka hunywewa pamoja baada ya ibada, na mwenyeji kumjazia mgeni kikombe ndiyo heshima. Dawa yake mwanao ni kuwa dereva. Sheria ya Japani ni kali: akikamatwa dereva aliyekunywa, na aliyempa pombe huadhibiwa, na aliyepanda gari lake akijua naye huadhibiwa. Kwa hiyo ukisema "ninaendesha", chupa inahama yenyewe, unaletewa chai baridi ya ulongi, na mwisho wa usiku unakuwa mtu anayependwa kuliko wote kwa sababu unawarudisha wazee makwao. Kama hana gari, aseme tu hanywi kwa ajili ya dini, aseme mara moja, akitabasamu, na kikombe akijaze chai mwenyewe. Kikombe kitupu ndicho kinachowavuta.

Hukuuliza kuhusu pesa, ila utaulizwa na yeye. Michango utaielewa bila kufundishwa: huwekwa kwenye bahasha maalumu, halafu majina ya waliotoa hubandikwa mahali pa wazi, mara nyingi na kiasi. Kama fedha hiyo inakwenda hekaluni na moyo wako hautaki, apeleke katoni ya chai au soda kwa ajili ya wabebaji. Nayo hubandikwa jina.

SWALI: Mwalimu, nami nafundisha Kasulu, natarajia kwenda kaskazini mwa Japani kuanzia Desemba. Je, wakati wa theluji kuna sherehe zozote, au nisubiri kiangazi? Sili nguruwe, nitakula nini kwenye vibanda?
Msomaji, Kasulu

JIBU: Usisubiri. Katikati ya Februari nenda mji wa Yokote, huko huko Akita. Wanajenga vijumba vya theluji vyenye nafasi ya watu kadhaa, na ndani wanakaa watoto, wana jiko dogo la mkaa na madhabahu ndogo ya mungu wa maji. Watoto ndio wenyeji. Wanakuita, unavua viatu, unakaa, wanakupa andazi la mchele lililochomwa na kinywaji cha moto cha mchele, kitamu. Kinywaji hicho kina aina mbili, moja hutengenezwa kwa machicha ya pombe, kwa hiyo uliza kabla.

Katika rasi ya Oga, mkoa huo huo, usiku wa tarehe 31 Desemba, wanaume huvaa vinyago na majoho ya nyasi za mpunga, wanaingia nyumba kwa nyumba wakinguruma na kuuliza kama kuna mtoto mvivu au mlialia. Watoto hulia kweli kweli, baba mwenye nyumba anawatuliza wageni kwa pombe na chakula. Huwezi kuingia hivi hivi, ni nyumba za watu, ualikwe. Usipoalikwa, kuna ya wazi kwenye hekalu la Shinzan, mwezi Februari.

Chakula: tambi za kukaanga za vibandani mara nyingi zina nguruwe, ziache. Mahindi ya kuchoma yapo, wanayapaka sosi ya soya. Akita kuna pia wali uliopondwa ukapakwa kijitini na kuchomwa, uombe bila mchuzi. Kiangazi kina mengi zaidi, ikiwemo ile ya mjini Akita, tarehe 3 hadi 6 Agosti, ambapo mtu mmoja husimamisha juu ya kiganja, bega au paji la uso mti wa mianzi wa mita 12 wenye taa 46, kilo 50. Kanunue viatu vya theluji huko huko. Vya hapa vitakuangusha stesheni. Na ukiwa vijijini, tazama kwanza saa ya treni ya mwisho ndipo utazame ngoma.