Kufunga injini ya 1HZ kwenye Land Rover One Ten: anza na magurudumu, injini ije mwisho

Ndugu unayeanza kazi hii, au unayemiliki Land Rover la zamani na unafikiria kulifungia injini nyingine ili likufae porini, nakuandikia kutokana na magari niliyoyafungua na kuyafunga kwa mikono yangu hapa Arusha. Nitazungumzia kazi moja tu, kwa kuwa ndiyo niliyoifanya mara nyingi kuliko nyingine: kuondoa injini ya asili ya One Ten, yaani Land Rover 110, na kuweka 1HZ, injini ya dizeli ya Toyota. Ukiielewa hii vizuri, nyingine zote utazielewa, kwa sababu makosa yanayoharibu kazi hizi ni yale yale.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuanza na injini. Kijana hupata injini nzuri sokoni, hulipa, huileta gerejini kwenye pikapu, kisha ndipo huanza kujiuliza itakaaje. Mimi nimejifunza kwenda kinyume: huanza na tairi, nikaja kwenye difu (gia za ndani ya akseli), nikaja kwenye boksi la transfa (linalogawa nguvu mbele na nyuma, na lenye gia ya juu na ya chini), nikaja kwenye giaboksi, na injini nikaihesabu mwisho. Gari la porini linatembea kwa kila kilichoko kati ya injini na ardhi, na injini mpya haiwezi kurekebisha kasoro ya hivyo vilivyoko nyuma yake; huiongeza tu.

Kwanza tujue tunatoa nini na tunaweka nini. One Ten ilianza kuuzwa mwaka 1983, na jina la Defender likaja mwaka 1990. Nyingi za zamani zilikuwa na dizeli ya cc 2,495 isiyo na turbo, yenye nguvu za farasi 68 hivi. Ukilipakia gari hilo watu saba, mahema na mapipa ya maji, litapanda mlima, lakini litapanda kwa kuomba. 1HZ ilianza mwaka 1990. Ni dizeli ya cc 4,164, silinda sita zilizopangwa kwa mstari, haina turbo wala kompyuta, ina farasi 130 hivi na toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya newtonmita 285 hivi. Kwa mwenye dizeli ile ya zamani, tofauti ni kubwa sana.

Lakini kama gari lako lina 300Tdi nzima, dizeli ya turbo ya Land Rover wenyewe, tafadhali tulia kidogo kabla ya kufungua bolti. Injini hiyo ina farasi 111 na newtonmita 265 kwa mizunguko 1,800 tu. Unatoa newtonmita 265 ili upate 285, na unaweka mbele ya gari chuma kizito zaidi. Sababu halali ya kufanya hivyo ipo, nayo ni vipuri na utaalamu: 1HZ imo kwenye Land Cruiser za hifadhi, za hospitali na za miradi nchi nzima, na ukiharibikiwa Loliondo au Mpanda utampata fundi aliyewahi kuifungua. Hiyo ni sababu nzuri. Ila anayetafuta nguvu peke yake atajuta. Pale Kenya kuna mashindano ya magari ya porini ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa hifadhi ya Aberdare, na mshindi wake ni yule aliyepita vituo vyote kwa umbali mfupi kuliko wenzake, wala si kwa kasi. Kazi ya porini imepimwa pale inavyostahili.

Sasa turudi nyuma ya gari. Kabla sijagusa kitu chochote huchukua nyundo ndogo nikagonga chesisi kutoka mwanzo hadi mwisho, hasa karibu na mikono ya springi za nyuma na chini ya tangi. Chesisi ya Land Rover ni ya boksi, nayo huliwa na kutu kutokea ndani, kwa hiyo rangi ya nje inaweza kung'aa huku bati limebaki jembamba kama la kopo. Penye chuma kizima nyundo hudunda na kutoa mlio mkali. Penye kutu sauti hufifia na nyundo haidundi. Weka alama ya chaki kila unaposikia sauti hiyo. Nimewahi kukataa kazi ambayo mteja alikwisha kununulia injini, kwa sababu upande wa kulia tulipata alama kumi na moja za chaki. Alikasirika, na nilimwelewa, lakini mauntini, yaani kishikio cha injini, ya injini nzito haichomelewi kwenye kutu.

Baada ya chesisi ni akseli. Akseli ya nyuma ya One Ten, ile ya Salisbury, ni ngumu na haitakusumbua. Ya mbele ndiyo ya kuiangalia, kwa sababu magari ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yana shafti za mbele zenye meno 10 tu. Injini ya zamani haikuwa na nguvu ya kuzivunja. Injini mpya, katika gia ya chini kabisa, tairi moja likiwa limenasa kwenye jiwe na dereva akikanyaga mafuta kwa hasira, inaweza. Tenga fedha ya shafti zenye meno 24 pamoja na difu inayozipokea, au jifunze kukanyaga mafuta kwa mguu mwepesi. Vyote viwili ni bora zaidi.

Hesabu ya gia ndiyo sehemu ninayowasisitizia wanafunzi kuliko zote, na ni hesabu ya darasa la saba. Tairi la 7.50R16 likizunguka mara moja gari husogea mita 2.5 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, tairi huzunguka mara 667 kwa dakika. Zidisha kwa 3.54, uwiano wa difu (mizunguko inayoingia kwa kila mmoja unaotoka), kisha kwa uwiano wa transfa, kisha kwa gia ya tano. Giaboksi ya R380 ya Land Rover ina gia ya tano ya 0.77; ikifungwa na transfa ya LT230 yenye uwiano wa 1.41, injini itazunguka mara 2,560 hivi, na hapo 1HZ inapumua bila shida. Lakini One Ten nyingi za mwanzo zenye silinda nne zilikuja na transfa ya 1.667 na giaboksi ya LT77 yenye gia ya tano isiyo ndefu hivyo, ambayo ukiihesabu kwa 0.83 unapata mizunguko zaidi ya 3,200 kwa mwendo ule ule. Gari litapiga kelele njia nzima hadi Dodoma, na mwenye gari atailaumu injini. Usiamini maneno ya muuzaji wa transfa. Weka alama kwenye shafti ya kuingilia na ya kutokea, zungusha kwa mkono, hesabu.

Gia ya chini ya LT230 ni 3.32, iwe transfa ya uwiano wowote wa juu, na hilo ni jambo zuri. Ukiwa na R380 yenye gia ya kwanza ya 3.69, injini huzunguka mara 43 tairi linapozunguka mara moja. 1HZ ikiwa inanguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa mizunguko 700 kwa dakika, gari litatembea kilomita 2.4 kwa saa, mwendo wa mzee anayekwenda msikitini bila haraka, na halitazima. Hapo ndipo cc 4,164 zinapoonyesha faida yake: unaondoa mguu kwenye mafuta na kwenye klachi, unaacha gari lipande lenyewe jiwe kwa jiwe.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: transfa ya LT230 ibaki mahali ilipowekwa na kiwanda, propela shafti zote mbili, zinazopeleka nguvu kwenye akseli, zisikatwe, na injini ndiyo ije kuikuta giaboksi. Nimeona mafundi wazuri wakisogeza transfa nyuma sentimita chache ili injini ipate nafasi, kisha wakahangaika miezi na mtetemo na krosi (viungo vya propela) zinazokufa, kwa kuwa pembe ya propela imebadilika. Nafasi itafute mbele. Ondoa rejeta ya zamani, sogeza fremu yake, hamisha hata boksi la betri, lakini usiiguse transfa. LT77 nayo iondoe, weka R380; LT77 haikutengenezwa kwa mzigo huu. Hata Land Rover wenyewe, walipofunga dizeli ya Isuzu ya cc 3,856 kwenye 110 za Australia katika miaka ya 1980, waliipa giaboksi nyingine yenye nguvu zaidi.

Kinachounganisha 1HZ na R380 ni sahani ya chuma au aluminiamu, na hapa sitaki uokoe fedha. Nunua iliyotengenezwa na wataalamu, au ichongwe kwenye mashine na mtu anayejua kupima, kwa sababu kitovu cha injini na kitovu cha giaboksi lazima vikutane kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya milimita au chini ya hapo. Gari langu la pili nilichonga sahani kwa grainda na kutoboa matundu kwa kukadiria. Klachi ilifanya kazi vizuri wiki tatu. Wiki ya nne kukasikika mlio mwembamba kila nilipokanyaga pedali, na tulipofungua, beringi ya mbele ya shafti ya giaboksi ilikuwa imegeuka bluu kwa joto na diski ya klachi imekatika katikati kama chapati. Tangu siku hiyo hufunga geji ya saa, kipimo chenye sindano, kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), naizungusha taratibu na kusoma sindano kabla sijafunga bolti ya mwisho.

Kabla ya kuchomelea mauntini, shusha gari mpaka akseli ya mbele iguse raba zake za kuizuia. Wanaoanza hupima sampu, bakuli la oili la chini ya injini, gari likiwa limesimama sawasawa sakafuni, wanaona kuna nafasi ya kutosha, wanachomelea, na korongo la kwanza linawaonyesha kwamba difu hupanda. Mimi hutoa springi kabisa, nanyanyua akseli kwa jeki upande mmoja kisha mwingine, na kuhakikisha kidole changu kinapita kila mahali kati ya difu na sampu. Springi zitakazorudi ziwe ngumu zaidi, kwa sababu pua ya gari sasa ina uzito mwingine.

Joto. Nililijifunza hili barabara ya Ziwa Natron. Tulikuwa tumelifungia gari rejeta ya Land Cruiser, kubwa na mpya, na kutoka Arusha hadi Longido sindano ya joto haikutikisika. Tulipoiacha lami na kuingia kwenye mchanga na majivu karibu na Ol Doinyo Lengai, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa na upepo ukitupiga kutoka nyuma, sindano ilianza kupanda. Tulisimama mara sita kabla ya Engaresero. Rejeta haikuwa na kosa lolote; kosa lilikuwa langu, kwamba sikurudisha lile kava la duara linaloizunguka feni, kwa sababu halikuenea. Barabarani upepo wa safari ulikuwa unaificha kasoro hiyo. Porini hakuna upepo wa safari, kuna feni tu, na feni isiyo na kava huzungusha hewa ile ile ya moto ndani ya boneti. Tulipolitengeneza kava kwa bati, sindano ilitulia. Jaribu gari lako likiwa limejaa mzigo, gia ya chini, jua la mchana, kwa saa nzima. Na kwa ajili ya joto hilo hilo, usiifungie 1HZ turbo ya kubahatisha; silinda hedi yake hupasuka.

Umeme unahitaji macho tu. Injini nyingi za 1HZ zinazokuja kutoka Japani zilitoka kwenye gari la volti 24, na Land Rover lako ni la volti 12. Soma kibandiko cha stata, cha altaneta, cha plagi za kupashia joto na cha swichi ya kukata dizeli kwenye pampu, kila kimoja peke yake. Na usiiache pampu ya vakyumu inayokuja na injini hiyo, kwa kuwa ndiyo inayolainisha breki. Ukifunga injini bila pampu hiyo, itawaka vizuri, taa zitawaka vizuri, na pedali ya breki itakuwa ngumu kama jiwe kwenye mteremko wa kwanza.

Unaponunua injini, ikubali ikiwa imewashwa mbele yako na ilikuwa baridi. Iguse kabla hawajaiwasha, uhakikishe ni baridi kweli. Fungua kifuniko cha oili ikiwa inanguruma, uangalie kama inapumua kwa nguvu, dalili ya uchakavu. Inunue na risiti na hati zake, kwa maana kadi ya gari ya TRA ina namba ya injini na ujazo wake, na usipobadilisha taarifa hizo utakuwa unaendesha gari ambalo karatasi zake ni za gari jingine, jambo ambalo bima nao watalitazama siku ya ajali. Mkanda wa taiming ubadilishe kabla ya kufunga, hata kama muuzaji anaapa ni mpya, kwa sababu ukikatika valvu hugonga pistoni, na sasa hivi injini iko mezani na kazi ni ya saa chache.

Ukimaliza, chora mstari wa rangi nyeupe juu ya kila bolti ya mauntini, ya sahani na ya propela, mstari unaoanzia kwenye kichwa cha bolti na kuendelea kwenye chuma kilicho chini yake. Endesha kilomita 500 za njia mbovu, kisha lala chini ya gari na tochi. Mstari uliokatika ni bolti iliyosogea. Kaza, chora upya, rudi porini kilomita 500 nyingine, ukague tena. Mteja akabidhiwe ufunguo siku ambayo mistari yote imekutwa mizima.