Usichore bustani, zungushia jiwe penseli

Kwa miezi kadhaa nilichora bustani ya mawe ya Ryoan-ji, hekalu la Zen (tawi la dini ya Kibudha) lililoko Kyoto, Japani, nikinakili kutoka kwenye picha. Mistari ya changarawe niliipiga kwa rula. Nilipoutundika mchoro ukutani nikauona umekufa, nikaushusha siku hiyohiyo.

Nilikuwa nimeyahangaikia mawe, changarawe nikaisahau. Ryoan-ji ina mawe 15 katika makundi 5, kwenye uwanja wa mita kama 25 kwa 10. Panapobaki ni peupe, changarawe iliyochanwa kwa reki. Tena, popote utakapoketi barazani huyaoni mawe yote 15 kwa pamoja, daima kuna lililojificha. Mimi niliyapanga yote yaonekane, kama watu kwenye picha ya harusi.

Aliyenifungua macho ni John Cage, mtunzi wa muziki wa Marekani. Kuanzia 1983 alitengeneza michoro mingi ya penseli iliyotokana na bustani hiyo, na hakuna hata mmoja unaoionyesha. Alichukua mawe 15, akaliweka kila moja juu ya karatasi na kulizungushia penseli. Mahali pa kuliweka hakuchagua. Aliiachia I Ching, kitabu cha kale cha Kichina cha kupiga ramli.

Jaribu hivyo. Tafuta mawe yanayoenea kiganjani, yaoshe, yaache yakauke kabisa, maana unyevu huikunja karatasi. Gawanya upana sehemu 6 na urefu sehemu 6, kisha rusha dadu mara mbili upate mahali pa jiwe. Tumia penseli ngumu, isimame wima. Pale jiwe linapoinuka kidogo, ncha itateleza kuingia chini yake na mstari utapinda. Usiufute, tafadhali. Huo ndio umbo halisi la jiwe. Na mkono ukianza kuwasha kujaza pembe iliyo tupu, weka penseli chini.

Mistari ya reki ndiyo niliyochelewa kuielewa. Kumbuka uwanja uliofagiliwa alfajiri kwa ufagio wa chelewa: mistari hupinda pale mfagiaji alipogeuka, na hulizunguka shina la mti bila kuligusa. Siku hizi nachovya kitana cha mbao chenye meno mapana kwenye wino mwepesi, nakivuta mara moja bila kurudia. Kikifika kwenye jiwe, nakizungusha polepole, naendelea.